Ndagala Thelathini na Watatu

Amuri alikuwa na vidole vyekundu. Haikuwa hina. Ulikuwa unga wa mkurungu, ule mti ambao sisi wanawake wa ufukwe huu tulikuwa tukitilia rangi mikeka. Sisi tulipaka mikeka, yeye alipaka karatasi. Mwanamume mzima, ndevu zimeshaanza kuingia mvi, kutwa ameketi barazani pake akikatakata karatasi! Nilikuwa nikimcheka waziwazi wala sioni haya kusema, maana mwenyewe alikuwa akicheka pamoja nami.

Zamani hizo ni za Mdachi, miaka michache kabla ya vita. Amuri alikuwa amefanya kazi Usumbura kwa afisa mmoja, akimfulia na kumpigia pasi, na huko ndiko alikoona ajabu. Kila mwaka, siku ileile moja, bwana huyo aliletewa karatasi ngumu zenye maua na ndege, na maneno ya kumpongeza kwa kuzaliwa. Mkewe naye alimpikia mkate mtamu, akauchomeka mishumaa, kila mwaka wa umri wake mshumaa mmoja.

"Wanampongeza kwa sababu gani?" nilimuuliza Amuri aliponisimulia.

"Alizaliwa, shemeji."

"Na mie nilizaliwa. Mbona hakuna aliyeniletea hata kitunguu?"

Kwetu Rumonge tulijua siku mbili tu za kuzaliwa. Ya Mtume tuliisomea maulidi kwa ubani na marashi. Ya Kaizari askari walipiga bunduki, ng'ombe akachinjwa, na nyama hatukuikataa. Sisi wengine tulizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa funza, basi, yakaisha. Tena kumhesabia mtu miaka yake halikuwa jambo la adabu. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakuambia Mungu amemjalia, hatakutajia idadi. Hesabu inaita jicho, ndivyo tulivyolelewa.

Lakini Amuri alikuwa amekwisha kunaswa na zile karatasi. Aliporudi Rumonge akaanza kuchonga mihuri ya mti kwa wafanyabiashara, wapate kutia alama kwenye magunia yao ya chumvi na ya ndagala wakavu, wale dagaa wetu wa ziwani, na saa zilizobaki akatengeneza kadi. Karatasi ngumu aliiomba dukani kwa Mhindi, ile inayokaa ndani ya jora la nguo. Gundi yake ni uji wa muhogo. Wino mweusi ni masizi ya chungu, mwekundu ni mkurungu, wa njano ni manjano ya jikoni. Picha ya kupigwa mara moja aliichonga kwenye muhogo mbichi, ya kupigwa mara nyingi aliichonga kwenye mti wa mpera. Na alikuwa na ufundi mmoja nilioupenda kuliko yote: alilowanisha karatasi kidogo, akailaza juu ya muhuri usiotiwa wino, akaisugua polepole kwa mgongo wa kijiko mpaka picha ikavimba juu ya karatasi bila rangi yoyote.

Wateja wake walikuwa Wazungu wa melini, na Mgiriki mmoja, na Mhindi mwenyewe. Kabla ya kushika kisu alimuuliza mteja: huyo mtu anapenda nini, ana kasoro gani, alikuchekesha lini? Mgiriki alikuwa na ndugu yake Tabora aliyekatika kidole. Amuri akachonga kiganja cha vidole vinne kimeshika chupa. Mgiriki alicheka mpaka akakaa chini, halafu akafuta macho, na sikujua kama machozi yale yalikuwa ya kicheko peke yake.

Sasa nije kwa wifi yangu.

Batuli alikuwa dada wa mume wangu Hamissi. Aliuza mawese, akiyafuata Kigwena na kuyaleta sokoni kwa mitungi. Mumewe alikufa kwa homa, miaka sita ilikuwa imepita. Kabla ya hapo alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, Mbaraka, akakaa naye miezi minane akamzika. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumwita Mama Mbaraka. Tulirudi kumwita Batuli, kama msichana, na nadhani hilo lilimuuma, ingawa hakulisema.

Amuri alimpenda. Mji mzima ulijua, yeye peke yake akidhani ni siri. Mseja asiyepika alikuwa akinunua mawese ya kutosha nyumba ya watu kumi! Nikamwambia, "Amuri, unayaoga?" Masikio yakamwiva.

Angeweza kukaa hivyo mpaka uzeeni. Lakini mwaka huo Nasoro wa Uvira, mfanyabiashara mwenye ng'ombe na nyumba ya bati, alituma mtu kumposa Batuli. Hamissi alifurahi sana. Alimwambia dada yake afikirie, ila jibu litoke kabla ya mfungo sita, mwezi wa maulidi, kwisha. Batuli hakusema ndiyo wala hapana. Habari ikamfikia Amuri barazani pake, na kwa siku mbili hatukusikia kisu chake.

Siku ya tatu alikuja kwa Hamissi akiomba kuangalia kitabu cha marehemu mkwe wangu. Mzee yule alijua kuandika, na kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ametia siku walizozaliwa wanawe. Hamissi akampa bila kuwaza. Amuri akahesabu kwa vidole vyake vyekundu, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya soko akamkuta Batuli kati ya mitungi yake, wanawake wamemzunguka. Akatoa kadi. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Pembeni ilikatwa matundu madogo madogo, na katikati walipangwa ndagala, safu kwa safu, maana mawese ni biashara ya Batuli lakini ndagala ndio chakula chake.

"Iko ya kuzaliwa kwako, dada Batuli," akasema. "Kila mwaka, ndagala moja."

Laiti angeishia hapo kwenye kuzaliwa! Muuza chumvi aliyeketi jirani akainamia kadi, akaanza kwa sauti: "Moja, mbili, tatu..." Wengine wakaitikia. Walifika thelathini na tatu, soko zima likisikia, na hata Hamissi aliyekuwa mbali na wauza mbuzi alisikia. Batuli akaifunika kadi kwa kanga yake, akafunga mitungi, akaondoka jua likiwa bado la asubuhi. Amuri alibaki amesimama palepale. Mimi nilitaka kumpiga, tena nilitaka kumlilia.

Nikafikiri mambo yamekwisha na Nasoro amepata mke. Hamissi alifikiri hivyohivyo.

Siku mbili baadaye, baada ya alasiri, Amuri alikuja nyumbani kwetu kuomba radhi. Amepiga moyo konde, kofia mkononi. Batuli alikuwa kwangu, tunachambua maharage. Alinyanyuka, akaenda ndani, akarudi na ile kadi, akaiweka kwenye mkeka mbele yake.

"Amahoro, Amuri. Kaa."

Akakaa.

"Watu wanasema nimekasirika juu ya umri. Umri ni ya Mungu. Mie nataka kukuuliza kitu moja. Mutoto wangu alikufa mwaka moja katika hii. Nionyeshe samaki yake."

Amuri akaiangalia kadi. "Sijui, dada."

"Na mwaka niliolewa iko wapi?"

"Sijui."

"Utajua namna gani? Yote umeipiga na muhuri moja. Miaka yangu haikuwa sawasawa, Amuri. Ingine ilipita hata sikuisikia. Ingine ilinivunja mugongo. Weye umeipanga hapa kama ndagala ya kuuza."

Maharage yalinikwama mkononi. Miaka yote niliyokaa na wifi yangu sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Mtu mwingine angejitetea, angesema kazi ile ilimchukua siku ngapi. Amuri alisema hivi:

"Basi uniambie. Moja moja. Nitachonga upya."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila siku baada ya alasiri Amuri alikuja na mihogo yake na kisu, akakaa upande mmoja wa baraza, Batuli upande wa pili, na mimi katikati na ukili wangu, maana haikufaa wakae wawili. Batuli alisimulia, Amuri akachonga. Mwaka wa funza, alipokuwa msichana na hakuweza kutembea, baba yake akambeba mgongoni mpaka Gitaza: Amuri akachonga mguu. Mwaka baba aliporudi kutoka Ujiji na kioo cha kwanza nyumbani: kioo. Mwaka alioolewa: kitanda cha kamba, nami nikawaambia hamwoni haya, kwa nini msiweke ngoma? Mwaka mmoja hakuukumbuka kwa lolote ila kwamba aligombana na mimi juu ya chungu changu alichokivunja.

"Wewe ndiye uliyekivunja," nikasema.

"Wifi, ulikivunja weye na mukono yako mwenyewe."

Amuri akachonga chungu chenye ufa, asiseme ni cha nani.

Hamissi alikuwa akipita akinung'unika. "Mutu mwenye ngombe anangoja jibu, na huyu anachonga muhogo!" Lakini hakumfukuza. Nilimwona mara moja amesimama nyuma ya mlango akisikiliza habari za baba yake.

Mwaka wa mtoto ulipofika, Batuli akasema, "Hiyo uache nyeupe." Amuri akaitikia, "Ego," yaani ndiyo, akarukia mwaka unaofuata. Hakuuliza. Siku nyingine kabisa, tunazungumza mambo ya vipuli na masikio yaliyochanika, Batuli alisema Mbaraka alikuwa hanyonyi mpaka ashike kipuli cha mama yake, kile cha kushoto, tena halali mpaka akishike. Alilisema hilo kwa kupita, akaendelea na mengine. Mimi nilidhani Amuri hakusikia, alikuwa ameinamia kisu.

Mfungo sita ukabaki siku nne. Mtu wa Nasoro akaja na ngalawa kuchukua jibu, akafikia kwa jirani yetu. Siku ileile alasiri Amuri akaleta kadi.

Aliikunja mara nne kama pazia, kila mkunjo una safu yake ya picha, nyeusi na nyekundu na za njano. Batuli hakujua kusoma, lakini hii aliisoma. Aliipitisha kidole polepole, picha kwa picha. Kwenye mguu alitabasamu. Kwenye chungu alinitazama, tukacheka sote. Hamissi naye alitoka akasimama nyuma yetu, kanzu begani, tayari kwenda kwa mgeni.

Kidole kikafika penye mwaka mweupe. Kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikapita tena.

Pale peupe palikuwa na kitu. Huwezi kukiona kwa macho. Nilinyoosha mkono baadaye nikakigusa: kipuli kidogo cha mviringo, kimevimba kwenye karatasi, hakina rangi.

"Nilikuambia uache nyeupe," Batuli akasema.

Amuri alikuwa amekunja mikono yake myekundu mapajani. "Iko nyeupe, Mama Mbaraka."

Sikuamini masikio yangu. Miaka kumi hakuna aliyelitamka jina lile mbele yake, na huyu analitamka siku ambayo mposaji mwingine anangoja jibu nyumba ya jirani! Batuli akapeleka mkono sikioni kushoto, akakishika kipuli chake. Alilia, lakini hakujifunika uso, na kidole cha mkono wa pili hakikutoka kwenye karatasi. Mimi nililia zaidi yake. Hamissi aligeukia ukuta.

Alipomaliza alijifuta, akaendelea na kadi mpaka mwisho. Akahesabu mwenyewe, kwa sauti, bila kuogopa jicho la mtu.

"Iko thelathini na mbili. Mwaka hii tuliyo nayo iko wapi?"

"Sikuichonga," akasema Amuri. "Sikujua niweke nini."

Batuli akaikunja kadi, akaiweka kifuani ndani ya kanga yake.

"Haijaisha," akasema. "Utaichonga nyumbani kwangu, nikuone unavyochonga."

Hamissi alikohoa. Akavaa kanzu yake vizuri, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akatoka kwenda kumwambia mtu wa Nasoro arudi Uvira.