Mkono Uliotoka Ndani ya Eda

Kabla ya Ramadhani nilihudhuria mafunzo ya biashara mtandaoni pale Konde, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Hatukuwa wengi: muuza halua, fundi cherehani, mwanamke anayeanika dagaa, bwana mmoja wa viungo ambaye kila akiulizwa swali hutanguliza bismillahi, na mimi mchora hina. Mkufunzi alikuwa kijana wa Unguja, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Siku ya kwanza alituambia kwamba duka la siku hizi halina mlango.

"Langu lina mlango na kufuli, mwanangu," muuza halua akamjibu, "na paka wanaingia vilevile."

Tulicheka, naye akacheka, kisha akatufundisha. Alitufundisha kupiga picha karibu na dirisha, kutoficha bei, kutotumia picha za watu wengine. Somo nililolipenda zaidi lilikuwa la kupanga mapema. Mtu hukaa siku moja akatengeneza picha na video za msimu mzima, akaziwekea siku na saa, zikatoka zenyewe hata akiwa shamba au amelala. Mimi ni mtu wa mpango. Hina yenyewe inautaka: ukianza katikati ya kiganja bila kujua utamalizia wapi, ua hukosa pa kuishia. Nikarudi nyumbani nikapanga Mfungo Mosi wote na Mfungo Pili, kwa sababu huku kwetu Ramadhani ikitoka tu harusi zinafuatana.

Kazi ya nyumbani ilikuwa video moja yenye sauti. Sikuwa na bibi harusi wa kumchora, nikajichora mwenyewe mkono wa kushoto, mume wangu akanishikia simu. Mkufunzi alitaka maneno machache yanayomgusa mteja. Nikasema: "Bibi harusi, njoo nikuchore, mume akuone upya." Video nikaipanga itoke siku mojawapo baada ya Iddi, usiku, watu wakiwa wameshakula na simu ziko mikononi. Kisha nikaisahau.

Mume wangu alifariki Ramadhani hiyo hiyo. Alirudi kutoka msikitini baada ya adhuhuri, akasema kifua kinambana, akajilaza mkekani. Kabla ya alasiri watu walikuwa wanatafuta sanda. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokwenda. Hakukuwa na jambo jingine katikati.

Nikaingia eda katika nyumba ile ile, uwa mmoja na mama yake. Mjane wa kwetu hukaa ndani mpaka muda wake utimie. Hatoki bila dharura, havai cha kung'aa, hajipaki wanja, wala manukato, wala hina. Walinivua bangili. Bibi mmoja wa jirani akanishika vidole, akaitazama hina iliyobaki kwenye kucha, akasema, "Hii ya zamani, haina neno. Itaondoka na kucha." Simu nikampa wifi yangu, dada wa marehemu, anitunzie. Aliichukua bila kuuliza.

Wanawake walikuja na uji na sukari, wakakaa, wakasoma, wakaondoka. Nilijua nani analia kwa uchungu na nani analia kwa adabu. Mimi sikulia, na wala sikuwa nimejizuia. Niliona kila kitu kama mtu anayetazama mvua kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa.

Asubuhi moja, Iddi imeshapita, wifi yangu aliingia na simu ameishika kwa ncha za vidole.

"Wifi, weye umetia nini huku?"

"Kutia wapi?"

"Umetoka jana usiku. Mkono wako na sauti yako. Shumba kote wanayo, Konde wanayo, hata grupu la madrasa wanayo."

Akanionesha. Mtu wa kwanza alikuwa ameandika: Mashaallah, kazi safi. Wa pili akauliza: Huyu si mjane? Baada ya hapo hakukuwa na aliyezungumza habari za hina. Mwanamke mmoja ambaye mtoto wake nilimchora mwaka uliopita aliandika: Kaburi halijakauka, mwenzenu anataka mume amwone upya. Chini yake mwingine akamjibu: Mume yupi?

Nilielewa mara moja kilichotokea, na nilielewa gharama yake. Kazi yangu haisimami kwa ua zuri peke yake. Bibi harusi huletwa na mama yake na shangazi zake, na mkono utakaomgusa siku zile huchaguliwa kwa heshima. Mjane aliyekaa eda yake vizuri humchora bila neno. Aliyeivunja haitwi tena, na mimi sina kazi nyingine. Chini ya maneno yale ulikuwapo ujumbe wa mama wa bibi harusi aliyekuwa anangoja nitoke eda: wameamua kwenda Wete.

Nilimwomba wifi ampigie mkufunzi. Akampigia, akaiweka simu kwenye spika.

"Msiifute!" kijana alisema kabla hajamaliza kusalimiwa. "Imetazamwa kuliko za wote. Mwambie arekodi nyingine leo leo, aonekane na uso, watu watamfuata."

"Baba, yumo ndani ya eda. Mumewe kafariki."

Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Futeni, dada yangu. Futeni tu. Nisameheni, sikujua."

Tulikuwa bado tunatafuta pa kufutia wakati mkwe wangu alipoingia. Alikuwa ametoka kwa jirani. Hakukaa.

"Naambiwa umetoka," aliniambia. "Nioneshe."

"Mama, ile ni ya kabla ya Ramadhani. Ilipangwa tu, ikatoka yen..."

"Sikukuuliza ya lini. Nimesema nioneshe."

Wifi akaifungua. Mkono wangu ukaja, ukageuka, sauti yangu ikasema maneno yake. Halafu, mkono ukiwa bado unaonekana, ikasikika sauti ya mume wangu nyuma ya simu: "Mume keshaona. Sogeza mkono, wateja nao waone." Akacheka kidogo puani, kama kawaida yake. Ikaishia hapo.

Sikuwa nakumbuka kwamba alisema chochote.

"Rejesha," mkwe wangu alisema.

Wifi akarejesha. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Mkwe wangu aliinama karibu na simu, sikio moja mbele, na akataka irejeshwe tena. Mimi nilitazama nikaona kwamba nuru ilitoka upande usiofaa, na kivuli cha dole gumba kimeangukia ua la katikati. Ndicho nilichokiona. Nilikuwa nasubiri kitu kingine kije, hakikuja.

Mkwe wangu alinyoosha mkono, akaichukua simu, akavaa baibui.

"Mama, huwezi kuifungua hiyo," wifi alisema.

"Nitafunguliwa na hao hao walioifungua jana."

Wifi akamkimbilia nyuma, na yeye ndiye aliyenisimulia. Mama aliingia nyumba kwa nyumba. Alitoa salamu, akaomba achezewe ile video, akaisikiliza mpaka mwisho pamoja na wenye nyumba, kisha akauliza, "Nani huyo anayesema?" Wakamtaja mwanawe. "Kwani kafufuka?" Haasha, Bi mkubwa. "Basi ni ya lini?" Hapo watu walitazama chini. Kahawa hakunywa popote. Kwa yule aliyeandika habari ya kaburi alikaa zaidi, akaomba achezewe tena, akamwangalia usoni muda wote.

Alirudi jua limeshuka. Akaiweka simu mbele yangu.

"Hiyo ya watu ifute," alisema. "Na miye mnitilie yangu mahali isipotee."

Wifi akamwekea kwenye ile simu ndogo ya mama mwenyewe. Mimi nikaifuta ile ya ukurasani, kisha nikazifuta zote zilizokuwa zinangoja zamu yake.

Nilipotoka eda tuliitwa tena Konde kueleza tulichovuna. Mkufunzi aliwasha mashine inayorusha picha ukutani, akapitia ukurasa wa kila mmoja wetu. Wangu akauruka. Bwana wa viungo akanyoosha mkono.

"Bismillahi. Huyu mbona humsomi? Nimeona mstari wake mmoja wa watazamaji mrefu kuliko wetu wote."

Kijana akanitazama. Nikasema asome, haina neno.

"Ni video niliyoifuta," nikawaambia.

"Ilileta wateja?"

"Mmoja alighairi, akaenda Wete. Wawili wamekuja. Wamesema mkwe wangu aliwafikia majumbani."

"Ah, yakhe!" muuza halua akapiga kofi mezani. "Sisi tunahangaika na mabando, mwenzetu mtandao wake ni mkwe!"

Chumba kizima kikacheka, mkufunzi naye, kwa kujizuia. Nilijua kwamba ni mahali pa kucheka. Nikafungua kalamu, nikaandika alichokuwa anaanza kusema mkufunzi, kuhusu kuwajibu wateja upesi.