Mvua ya Iliasi

Katika soko la Kasongo hakuna sikio lisilomjua Iliasi, muuza mitumba mwenye kipaza sauti shingoni. Akitangaza suruali, hata suruali yenyewe inatamani kuziba masikio.

Marehemu mama yake alikuwa mtu wa Kabambare, na huko alimwachia kitu kimoja tu: kichuguu. Msicheke. Kule kichuguu kina mwenyewe, kinarithiwa kama shamba, maana kumbikumbi wake ni chakula na ni biashara. Ila hakirithiwi kwa karatasi. Mrithi anaketi hapo mchana wa jua, ananyunyiza maji kidogo, kisha anapigapiga majani makavu kwa vijiti mpaka kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke. Akishindwa mara tatu, ukoo unampa mwingine. Binamu yake Zacharie alikuwa ameshasuka kapu.

Iliasi alifika kwa pikipiki, matope mpaka kwenye kope. Mara ya kwanza alipiga kama ngoma ya ndoa. Hakutoka hata mmoja. Mara ya pili akaongeza nguvu, akaongeza na wimbo.

"Unapiga sawa mutu anafukuza nyoka," akasema Mama Régina, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mwenye kuamua. "Kumbikumbi hawanunui mitumba, baba."

"Sasa nipige namna gani, mama mudogo?"

"Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Mimi nilikuwa naongea."

"Basi mvua iko. Uiulize."

Mvua ilikuja kesho yake. Iliasi aliketi barazani, mdomo umefungwa, kuku wakamshangaa. Kutoka upande wa mto Luama ulikuja mvumo mpole, kama watu wengi wanaozungumza usingizini. Michikichi ikaupokea, ikaipa migomba. Tone moja likaanguka kwenye jani: ndo. Kisha kimya, kimya kirefu, hata akadhani lile tone limepotea njia. La pili likaanguka mbali, kana kwamba halimjui mwenzake. Alipofumba macho aliviona vidole vya mama yake juu ya ungo wa mchele, vikigusa na kungoja, vikigusa na kungoja. Kumbe mvua ina kimya kingi ndani yake, na yeye miaka thelathini na minne alisikia kelele tu. Kama alilala, hajui. Mvua ilipokwisha, bado maji yalidondoka kutoka nyasi za paa hadi kwenye sufuria, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo.

Siku ya tatu jua liliwaka. Mama Régina, amechoka kutazama aibu, alikwenda kujilaza ndani. Iliasi alichukua vijiti viwili vyembamba. Ndo. Akangoja. Alingoja mpaka Zacharie, aliyesimama na kapu lake, akapiga miayo. Ndo. Halafu mbali kidogo, ndo, ndo. Taratibu akaileta mvua kutoka Luama, akaipitisha kwenye michikichi, akaifikisha.

"Mpunga wangu!"

Mama Régina alitoka mbio, kitenge kinamwanguka, akauvuta mkeka aliokuwa ameanikia mpunga. Nusu yake ikamwagika. Akasimama. Akatazama mbingu nyeupe kwa jua, akatazama mkeka, akamtazama Iliasi.

"Ni wewe?"

Iliasi alikuwa bado anasikiliza. Kwenye tundu la kichuguu bawa moja lilimeta, kisha jingine.

"Zacharie," akasema Mama Régina, "hilo kapu umupe mwenyewe. Halafu uje tuokote mpunga, kabla kuku hawajaumaliza."