Empanada za Doornfontein

Mwenye mgahawa mdogo pale mtaa wa Doornfontein ni mama wa Kikolombia, na ugomvi wake na dunia ni mmoja tu: anachouza ni empanada, kitafunio cha kwao chenye nyama ndani, si sambusa. Huikunja kiganjani iwe nusu mwezi, hubana ukingo kwa uma, na mteja akikosea jina husimamisha kazi yote. "Sambusa ina pembe tatu. Hii ina ngapi?" huuliza, kwa Kiswahili alichookota kwa majirani zake Wakongo kule anakoishi, mtaa wa Berea. Wengine huondoka kabla hawajahesabu.

Jumamosi moja, meza zote zikiwa tupu tangu asubuhi ila yangu, aliingia Shiko, dada Mkenya wa kanisani kwetu. "Mama, nataka sambusa mia tatu za harusi." Nikaweka kahawa yangu chini, nikangoja somo. Mama akavuta pumzi, akafungua mdomo, akaufumba. Akazitazama zile meza. "Za nyama au za kuku?" akauliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

Shiko alipotoka nikamkodolea mama macho. "Usinitazame hivyo," akasema, akichota unga wa mahindi kwa mikono miwili. "Mtu akishashiba ndipo husikia vizuri. Nitakwenda harusini mwenyewe, niwaambie wote."