Redio ya Mji Iliponyamaza

Siku yangu ya kwanza redioni, Mkuu wa Kituo alinikalisha mbele ya kichanganyio, ile meza ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, akaniambia, "Mwanangu, hapa hatuhutubii umati. Sema na mama mmoja wa Ngonga anayepepeta mpunga." Nilikwenda na cheti cha ufundi mitambo, yeye akanifundisha na kutangaza.

Redio ilikuwa mali ya mji. Tulitangaza misiba, ng'ombe waliopotea, bei ya kakao. Mvua zikizidi milimani, wazee wa Busale walitupigia kueleza mto umefika wapi, nasi tulikatiza kipindi chochote. Mwaka mmoja watu wa Bujonde walihama kwa tangazo langu, wakapona. Akina mama walikuja kituoni na mikungu ya ndizi. "Ndaga fijo," walinishukuru kwa lugha ya kwetu.

Mkuu yule alipostaafu, akaletwa Meneja. Hakuwa mtu mbaya. Mtambo wa kurushia matangazo, unaopeleka sauti mnarani, ulikuwa umeanza kuzima na kuwaka. Nilimwambia, "Bosi, kipuri hiki kimekwisha. Masika hatuvuki nacho."

Akashusha pumzi. "Mama Tumpe, naomba kila mwezi. Wakubwa wananijibu siku hizi kila mtu ana simu."

Mtambo ulizima asubuhi ya mvua kubwa. Busale wakapiga: mto umevunja kingo. Nilifungua mtambo, nikaufunga, nikaufungua tena. Meneja alidandia pikipiki kwenda Bujonde kuwaonya watu kwa mdomo. Maji yalimrudisha njiani. Nilimpigia shemeji yangu, mume wa dada yangu Atupele, waliokuwa wakiishi huko Bujonde. Simu haikupatikana.

Jioni tulifika kwa mtumbwi, tukamkuta dada juu ya paa la shule. Mumewe tulimpata maji yalipopungua, ndani ya nyumba yao.

"Nilimsihi tuondoke," dada aliniambia, bila hasira. "Akasema, 'Tulia. Kungekuwa na hatari, shemeji angetangaza.'"

Mtambo haukutengenezwa tena. Nimestaafu, na mnara unaliwa na kutu. Vijana mnaniuliza kazi yetu ilikuwaje. Tuliwazoesha watu kutuamini, kisha tukanyamaza. Zaidi ya hapo sina la kuwafundisha.

Dada anaishi kwangu sasa. Mvua ikinyesha, hatuongei.