Runinga Yetu Ilivyokwenda Sirari Kutafuta Deki

Nilisafiri kwa sababu mama yangu alikataa kumtambua mume wake.

Baba alifariki kabla sijamaliza chuo cha ualimu. Sura yake inayotembea na kucheka imebaki kwenye diski moja tu, ya harusi ya dada yangu. Kaka yake, Baba Mkubwa, alipopata dhahabu kule Nyakunguru, alituletea nyumbani Genkuru runinga ya inchi hamsini na tano. Tukaichomekea deki yetu ya zamani, tukaweka diski, na mbele yetu akatokea mwanamume mnene, mashavu kama anapuliza moto, macho yote ukungu.

Mama akasimama. "Huyu si mume wangu. Mmemtoa wapi?"

Siku tatu hakukanyaga sebuleni. Iliniuma sana, maana diski hiyo ndiyo iliyokuwa faraja yake kila Jumapili baada ya kanisa.

Baba Mkubwa akaamua kwamba kosa ni la deki, tukanunue nyingine Sirari. Nikasema nitachora kwenye karatasi matundu yaliyo nyuma ya runinga. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Bhoke, wewe uliolewa kwa karatasi? Kwetu watu wanakwenda, wanaonana, ng'ombe wanakaguliwa mmoja mmoja. Runinga inakwenda yenyewe."

"Na mimi ninakwenda," mama akasema. "Anayemjua huyo mtu ni mimi."

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka kwa pikapu ya Baba Mkubwa. Runinga ililazwa nyuma juu ya godoro, ikafunikwa blanketi, mama akaishika upande mmoja na mimi upande mwingine. Barabara ya Nyamongo ilitupaka vumbi hadi kwenye kope.

Karibu na Tarime mjini askari wa barabarani alitusimamisha. Akaona godoro, blanketi na wanawake wawili waliokaa kimya. Akavua kofia.

"Poleni sana. Ni mzee?"

"Ndiyo, afande," mama akajibu. "Yumo humu."

Tukaruhusiwa kupita bila kuulizwa hata leseni. Nilianza kucheka, nikamtazama mama, nikaacha. Hakuwa anatania.

Saa nne tulifika Sirari, mpakani, tukaingia duka la runinga na deki. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa pili wa mpaka. Tuliisimamisha runinga juu ya meza yake, naye akatoa deki mbili.

"Mzee, hii ya waya tatu za rangi ni ya TV za kitambo. Hii ingine iko na HDMI. Waya ni moja tu, inabeba picha na sauti. Itakuwa clear."

Baba Mkubwa aliinama mbele ya deki. "Toa ulimi."

Muuzaji alibonyeza, kisahani kikatoka. Baba Mkubwa akakichungulia, akakigusa kwa kidole, akaizunguka deki yote akitafuta makovu.

"Imewahi kuugua?"

"Haijawahi, mzee. Ni mpya."

Kisha Baba Mkubwa akaonyesha ya tatu, ya blu-rei, ile ya diski za picha kali zaidi, iliyokuwa juu kabisa rafuni. Alitaka hiyo kwa sababu ilikuwa ghali. Muuzaji mwenyewe akamkataza.

"Hiyo ni ya diski zake. Yenu itasoma, lakini haitaongeza kitu. Kitu camera haikuona, deki haiwezi kuona."

Tukachomeka ile ya waya mmoja, tukaweka diski ya harusi tuliyokuja nayo. Ukungu ulipungua kweli, lakini baba alitokea mnene vilevile, ila sasa unene wake ulionekana vizuri zaidi. Mama akaanza kujifunga kanga ili aondoke. Nilijua akitoka pale hataiangalia tena diski ile.

"Rimoti ya TV iko wapi?" muuzaji akauliza.

Ilikuwa mfukoni mwa Baba Mkubwa, bado ndani ya nailoni yake. Alikuwa amekataza mtu yeyote asiifungue isije ikachakaa.

"Picha yenu ilipigwa kwa upana wa TV za zamani," muuzaji akaeleza. "Hii TV inaivuta ndio ijae."

Akabonyeza. Picha ikajikusanya katikati, pembeni pakabaki peusi. Baba akakonda. Na kando yake, humo humo kwenye picha ya harusi, akakonda Baba Mkubwa pia, shingo nyembamba, shati limempwaya mabegani.

"Rudisha!" Baba Mkubwa akapaza sauti. "Nimenunua inchi zote hamsini na tano! Tena huyo si mimi. Mimi sijawahi kuwa hivyo!"

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Mama hakuwajali. Alikuwa amesogea hadi pua yake inakaribia kugusa kioo.

"Ni wewe, shemeji," akasema. "Na shati hilo ni lake. Alikuvalisha asubuhi ile ili usione aibu kanisani."

Baba Mkubwa akatoa pesa mfukoni, akazihesabu. Tukanunua ile deki ya waya mmoja.

Saa tisa alasiri tulianza kurudi, deki ikiwa mapajani mwa mama. Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kununua deki, angalia matundu ya runinga yako, na kabla ya kusafiri, fungua rimoti.

Jumapili iliyofuata, kijana mmoja mgeni kutoka Kewanja alitukuta tunatazama. Akauliza kwa nini runinga kubwa hivyo ina picha ndogo, akanyoosha mkono achukue rimoti aipanue. Baba Mkubwa akamnyang'anya.

"Iache hivyo hivyo, mura," akasema. "Sisi tulikuwa wembamba."