Unga Uliotangulia Matokeo

Kila mwaka, watoto wa Senior Six, kidato cha sita, wanapokaribia mtihani wao wa mwisho, walimu wa hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, hunijia wakiniomba niwape vijana maneno ya kuanzia maisha. Wanaona mashine zangu mbili za kusaga unga, nyumba ya matofali na hili tumbo, wanadhani nina hekima. Nina mashine. Mwaka huu nimekataa kushika kipaza sauti, maana nikishakishika sijui kukirudisha. Nimesema nitaandika. Naandika polepole, herufi kubwa kama za mtoto, na mwalimu mmoja atanyoosha palipopinda. Palipo na ukweli asiguse.

Kwanza mjue anayewashauri ni nani. Niliishia darasa la tatu, katika milima ya juu ya Uvira, Kongo. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba vita ndivyo vilivyonitoa shuleni. Uongo. Vita vilikuja nikiwa tayari na mke na mbuzi sita. Kilichonitoa shuleni ni hesabu ya kugawanya. Mwalimu aliandika kumi na saba kwa tano, mimi nikauliza wale wawili wanaobaki wanakwenda wapi, akanichapa, nikaenda nyumbani, sikurudi. Mpaka leo sijajibiwa.

Lakini kuna tamaa moja ya shule ambayo haikuniacha. Kwetu Kivu, matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari yakitoka, aliyepita humwagiwa pudre, yaani poda, kichwani, na kama hakuna pudre, hata unga. Barabara inakuwa nyeupe, vigelegele kila fasi. Huna haja ya kuuliza: mwenye kichwa cheupe amepita. Nilipokuwa kijana wa kubeba magunia sokoni, binamu yangu alipita. Nilimkumbatia kwa nguvu, nikasugua kichwa changu kwenye chake, kisha nikarudi nyumbani kwa njia ndefu. Watu nisiowajua walinipa mkono. "Hongera, mwenye diploma!" Nikajibu, "Asante, ni Mungu." Nilizunguka mpaka miguu ikauma. Mama yangu aliponiona akaniuliza nani amenifungia ndani ya gunia.

Basi, katika watoto wangu, aliyefika Senior Six ni mmoja, binti yangu wa mwisho. Alisoma shule ya bweni huko Mbarara, upande wa Ruti. Siku moja akapiga simu: "Papa, Ijumaa namaliza. Uje unisaidie kubeba vitu." Alisema maneno mengi, mimi nikasikia moja tu: namaliza.

Nilichagua mahindi meupe, nikayasaga kwa mkono wangu, nikachekecha mara tatu, nikajaza mkebe wa kilo mbili. Nikavaa koti. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Unapeleka unga Mbarara? Huko hawana unga?"

"Huu si wa kula."

"Mzee, mpigie mtoto simu umuulize kwanza."

"Nimuulize nini? Msagaji ni nani hapa?"

Jibu halikuwa na maana yoyote, lakini nililisema kwa sauti kubwa, na ndivyo ninavyoshinda mabishano nyumbani kwangu tangu tuoane.

Ijumaa, kwenye geti la shule, wazazi wengine walikuwa wamekuja na pikipiki za kubebea masanduku. Binti yangu akatoka, godoro kichwani, anacheka na wenzake. Nilimngojea alitue godoro. Hilo nililifanya vizuri. Kisha nikafungua mkebe, nikammwagia kilo zote mbili, nikapiga kigelegele ambacho, naambiwa, mwanamume hapaswi kukipiga.

Hakuna aliyejibu. Watu wa Mbarara hawana desturi hiyo. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya gauni lake. Askari wa geti akaja mbio na fimbo.

"Mzee! Wewe nafanya nini huyu mutoto? Nakosa nini?"

"Amemaliza!"

"Sasa kumaliza ni makosa?"

Binti yangu alikuwa mweupe wote, macho tu ndiyo yanaonekana. Akapangusa mdomo kwanza ndipo akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Papa. Matokeo bado."

"Bado namna gani? Si umemaliza?"

"Nimemaliza kuandika. Kupita haijajulikana. Tunangojea mpaka mwaka ujao."

Mimi, niliyeona vichwa vyeupe maisha yangu yote, sikujua kwamba kati ya kalamu na unga kuna miezi. Nilikuwa nimeona mwisho tu, kutoka kando ya barabara. Lakini unadhani nilikubali? Nilisema, "Najua. Huu ni wa kumaliza. Wa kupita utakuja." Askari alicheka mpaka akaegemea geti.

Tulikwenda mtaa wa Kakoba kutafuta saluni ya kumwosha. Nilijiona nina hatia, kwa hiyo nikaamuru kwa ukarimu: maji ya moto, tena mengi. Dada wa saluni akaanza kumimina, akasimama, akaangalia vidole vyake.

"Mzee, hii nageuka obushera."

Obushera ni uji wao. Kweli, kichwa cha mtoto kilikuwa kinapika. Nywele fupi za shule zimegandana kama sufuria iliyosahauliwa. Nimekula ugali kila siku ya maisha yangu, nauza unga, na sikukumbuka unga na maji ya moto hufanya nini. Ninyi mnaomaliza, andikeni hili mahali: maji baridi. Na mzazi wenu akifika getini na mkebe, ulizeni kilichomo kabla ya kutua godoro.

Mpaka hapo ni kichekesho. Kibaya kilitutangulia nyumbani. Mtu getini alipiga picha, picha ikafika kwenye simu za Nakivale kabla yetu, na Wakongo wakiona kichwa cheupe hawaulizi. Tuliposhuka, watu walikuwa wanatungoja na ngoma ya kanisa. "Hongera, Papa ya dokta!" Sikuwa nimetaja udaktari hata mara moja. Basi, labda mara mbili, pale mashineni. Binti yangu alinitazama. Alikuwa ananingojea niseme. Nami nikasema, kama zamani:

"Asante, ni Mungu."

Kuanzia siku hiyo mtoto hakuwa na raha. Akienda bombani, "Dokta, naumwa mgongo." Akienda kwaya, wamemwekea kiti cha mbele. Akaacha bomba, akaacha kwaya, akawa anakaa ndani anachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Wenzake walikuwa wanangoja matokeo yao kimya, kila mmoja na hofu yake. Yeye alikuwa anangojea hukumu mbele ya kambi nzima. Jioni moja nilimletea soda, nikidhani soda inatibu.

"Papa, kemia ilinishinda. Kuna swali sikuligusa."

"Utapita tu."

"Unajuaje? Nikianguka, wengine bataanguka mara moja. Mimi nitaanguka mara mbili, na batu bote banaona. Ule unga, Papa, uurudishe."

"Unga unarudishwaje?"

"Wewe ndiye msagaji," akasema.

Sikulala vizuri juma zima. Si kwa ajili yake, niseme ukweli, kwa ajili yangu. Maana kuurudisha ule unga kulikuwa na njia moja tu, kusimama na kusema kwamba mimi mwenye mashine mbili sikujua mtihani unakwendaje. Jumapili ya kwanza niliinuka wakati wa matangazo, nikatangaza kwamba mashine ya pili imetengenezwa. Jumapili ya pili nikainuka, nikakohoa, nikakaa. Mke wangu akaninong'oneza, "Kikohozi kimesikika, mzee. Maneno je?"

Jumapili ya tatu nilisema. Nilisema binti yangu hajapita wala hajaanguka, matokeo bado, na aliyekosea ni mimi. Nikaeleza kwamba sikujua kuna kungojea, kwa kuwa sikufika huko. Na kwa kuwa mdomo wangu ukifunguka haufungiki, nikaendelea: niliishia la tatu, na si vita vilivyonitoa, ni kugawanya.

Mzee mmoja Mrundi, aliyekuja kumsindikiza mkwe wake na ambaye kwa miaka amesikiliza hadithi zangu za vita mashineni, akauliza kwa sauti:

"Na ule mguu? Si ulisema ulivunjika siku ile ukikimbia risasi na daftari mkononi?"

"Mbuzi," nikasema.

Walicheka, wakacheka, mchungaji akashuka mimbarini akakaa. Mpaka leo mtu akileta mahindi anasema, "Papa, nigawanyie mara mbili." Wacha waseme. Jumatatu ile binti yangu alichukua ndoo akaenda bombani mwenyewe. Kama kuna aliyemwita dokta, sikusikia.

Matokeo yalitoka. Alikwenda shuleni Mbarara peke yake kuchukua karatasi, akanikataza kumfuata, na akaniangalia mifuko ya koti kabla ya kuondoka. Mchana wote nilisaga vibaya. Akarudi alasiri, akaingia mashineni, mashine inanguruma, akanyoosha karatasi mbele ya uso wangu. Nazijua tarakimu, lakini tarakimu za shule ni kabila lingine. Nikazima mashine.

"Niambie wewe."

"Nimepita. Alama hazifikii udaktari, Papa. Zinafikia uuguzi. Diploma, Mbarara hapo hapo."

"Na kemia?"

"Kemia imeponea chupuchupu."

Unga ulikuwa kila mahali, magotini, mabegani, kwenye mizani. Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo. Vijana, kama mnataka nasaha yangu, ni hiyo mikono. Siku hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Aliniona ninavyoteseka, akaacha niteseke kidogo zaidi, kisha akainamisha kichwa.

"Kidogo tu," akasema. "Na bila kigelegele."

Nikachota kwa vidole vitatu.

Tulitembea nyumbani pamoja. Sasa, mimi kichwa changu ni cheupe kila siku ya kazi, ni vumbi la mashine, na wanaonijua hawalioni tena. Lakini njiani tulikutana na familia iliyofika majuzi kutoka kwetu, vyombo bado vimefungwa kwenye shuka. Baba yao aliona vichwa viwili, changu kimejaa, cha binti kina alama tu kama chumvi. Akanijia mimi, mkono mbele, anafurahi kuona kitu cha nyumbani.

"Hongera sana, mzee! Umepita!"

Ninaungama kwamba mkono wangu ulitoka. "Asante" ilikuwa imekwisha kufika kwenye meno. Binti yangu alitazama barabara, hanisaidii.

"Si mimi," nikamwambia yule baba. "Ni huyu hapa."