Daraja la Mawe Aliposimama Mdogo Wangu

Safari yangu ya China ilikuwa ya kikazi. Mimi ni afisa ugani hapa Mbinga, na tulipelekwa maofisa wachache kujifunza kilimo cha milimani. Lakini mama yangu, anayeishi Kihagara kando ya Ziwa Nyasa, aliielewa vingine. Nilipoteremka kumuaga nilimkuta anaanika dagaa wa usipa. Niliposema shikamoo, aliitikia marahaba na papo hapo akaniambia, "Utarudi na mdogo wako."

"Mama, China ni kubwa."

"Kwani huko hakuna watu wa kuuliza?"

Mdogo wangu alikuwa amekwenda kusoma uhandisi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, baadaye mara mojamoja, kisha kimya. Tulipouliza chuoni, tuliambiwa ameacha masomo. Picha yake ya mwisho ilikuwa kwenye simu yangu: amesimama juu ya daraja la mawe, na nyuma yake kuna nyumba nyeupe zenye vigae vyeusi, maji yakipita karibu kabisa na milango. Hakuandika neno lolote chini yake.

Siku za mwanzo za mafunzo nilimwonyesha mkalimani wetu picha hiyo. Alikuwa dada mchangamfu aliyejifunza Kiswahili chuoni kwao. Aliiangalia kidogo tu.

"Hapa napajua. Ni kijiji cha kale cha mifereji. Siku ya mapumziko watatupeleka huko kutembea."

Tangu hapo sikusikia tena masomo.

Tulifika asubuhi kwa basi. Kijiji chote kimekatwa na mifereji kama mashamba yanavyokatwa na njia, na watu walikuwa wakivuka kwa madaraja. Kingo za mawe zilikuwa na mikwaruzo mirefu. Mkalimani alisema ni alama za kamba za mashua za zamani, zilizokuwa zikivutwa na watu. Bibi mmoja alichuchumaa kwenye ngazi akiosha mboga, maji yakimfika vidoleni. Wenzangu walipiga picha kila kitu. Mimi nilikuwa naangalia nyuso.

Daraja tulilipata bila shida. Nilisimama pale pale aliposimama yeye, nikaweka mkono kwenye jiwe. Lilikuwa baridi. Mkalimani akaanza kuuliza, duka hadi duka, akiwaonyesha picha. Wengi walitikisa kichwa. Mwishoni tuliingia mgahawa mdogo wa tambi, na mwenye mgahawa, mama wa makamo, akaichukua simu mikononi mwangu kabla hata hajaulizwa. Akaongea kwa muda mrefu.

"Anasema alikuwa anafanya kazi hapa," mkalimani akanitafsiria. "Kuosha vyombo na kusafisha samaki. Anasema alikuwa akipasua samaki kupitia mgongoni, haraka sana, mpaka wateja wakawa wanakuja jikoni kumtazama."

Nikacheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, kwa sababu ndivyo mama anavyowapasua mbasa, samaki wa ziwani kwetu.

"Muulize yuko wapi sasa."

Yule mama aliifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Ameondoka. Alianza kukohoa wakati wa baridi. Kikohozi hakikuisha. Mama huyu alimwambia aende hospitali, naye akakataa, akasema hana vibali. Siku moja akaaga, akasema anakwenda kusini kwa rafiki yake. Mama huyu alimpa koti la marehemu mume wake."

"Kusini wapi?"

"Hajui."

"Rafiki huyo anaitwa nani?"

"Hajui, dada. Anaomba umsamehe."

Alinipeleka nyuma kunionyesha mdogo wangu alipokuwa analala: kitanda cha mbao chini ya ngazi, na dirisha dogo linalotazama mfereji. Sasa palikuwa na magunia ya unga. Nilikaa juu ya gunia moja. Yule mama akanishika bega, hatukuwa na lugha ya kusemezana.

Wenzangu walikuwa wananisubiri, kwani tulikuwa tumepangiwa kupanda mashua. Nilipanda. Mwanamke mmoja aliisukuma kwa mti mrefu, tukapita chini ya daraja lile lile, na mwenzangu aliyekuwa mbele akanigeukia na simu yake. "Dada, tabasamu basi!" Hakujua, maana sikuwa nimemwambia mtu. Nilitabasamu. Picha hiyo ninayo mpaka leo na siwezi kuiangalia.

Niliporudi niliteremka Kihagara siku iliyofuata. Nilimweleza mama kila kitu, nikiwa nimekaa naye jikoni. Alinisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwenye kikohozi.

"Koti lenyewe lilikuwa zito?" akauliza.

"Sikuliona, mama."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akaendelea kuchochea moto.

Nilimwandikia mkalimani mara kwa mara. Alijaribu kwa watu aliowajua huko kusini, akanijibu kila mara kwamba bado. Baadaye majibu yakapungua, na sikumlaumu.

Jumapili moja nilikwenda kusali na mama. Miaka yote hiyo alikuwa akimwombea mdogo wangu kwenye sala za walio safarini. Siku hiyo padre alipofika kwenye kuwataja marehemu wa parokia, nilisikia jina la mdogo wangu likisomwa miongoni mwao. Nilimgeukia mama. Alikuwa ametazama mbele, mikono imetulia mapajani.

"Mama, hatujui," nikamnong'oneza.

"Najua kwamba hatujui," alisema. "Nimechoka kumngoja."